MARADHI, REDIO NA SANDUKU: HISTORIA FUPI YA AFYA ZETU



Huenda msomaji akashangaa. Kijitabu ni cha kuadhimisha miaka kumi ya kuweka na kukopa, mbona sura nzima inazungumzia maradhi? Jibu limo ndani ya daftari la mikopo. Ukilifungua daftari letu tangu mwaka 2015 utakuta sababu za mikopo zimeandikwa kwa mkono wa katibu: mtaji wa genge, ada ya shule, kodi ya chumba, vitenge vya kuuza. Na katikati ya hizo, tena na tena, neno moja: matibabu. Aliyekopa kwa ajili ya genge hurejesha kwa faida ya genge. Je, aliyekopa kwa ajili ya matibabu hurejesha kwa kuuza nini? Swali hilo limetusumbua miaka yote kumi.

Kwa kweli swali hilo si letu peke yetu, wala halikuanza na sisi. Katika nchi yetu vita dhidi ya maradhi imepiganwa kwa silaha mbili, yaani neno na fedha. Neno ni lile tangazo linalokwambia chemsha maji, chanja mtoto, wahi zahanati. Fedha ni mkaa wa kuchemshia hayo maji, nauli ya kufika kliniki, na bei ya dawa. Mara nyingi silaha hizi zimetembea njia mbalimbali. Pale zilipokutana, maradhi yalirudi nyuma. Pale zilipoachana, tuliumia sisi akina mama kwanza, kwa sababu mgonjwa akilazwa ni mama anayekesha, na chungu kikikosa kitu ni mama anayeulizwa.

Hivyo tumeonelea vema tuwakumbushe wanachama, hasa vijana, tulikotoka.

MTU NI AFYA

Baada ya Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza vita dhidi ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa kwa wingi, na matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Fedha ilikuwa mzigo wa taifa. Kilichobaki kwa mwananchi kilikuwa kusikia neno na kulitenda.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ambayo wazee wetu hawajaisahau, Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilirusha vipindi kwa muda wa wiki 12. Lakini watu hawakuachwa wasikilize kila mmoja kivyake jikoni kwake. Waliundwa katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Walisikiliza kipindi pamoja. Anayejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu. Kisha walijadiliana: je, jambo hili lipo hapa kwetu? Tulifanyeje? Ndipo wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Walifundishwa juu ya malaria, kuhara, kichocho, minyoo ya safura na kifua kikuu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Wengi wetu wakati huo tulikuwa hatujazaliwa, wengine tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Lakini tukilitazama jambo lile sasa, tunaona kilicholipa nguvu. Redio peke yake haichimbi choo. Choo kilichimbwa kwa sababu waliosikia walisikia pamoja, wakaamua pamoja, na wiki iliyofuata walikutana tena uso kwa uso. Nani atakaa kwenye mkeka na jirani zake aseme hajaanza hata kuchimba? Mwanachama yeyote wa kikundi chetu anaijua aibu hiyo njema. Ndiyo hiyo inayotufanya tulete hisa kila Jumamosi.

MIAKA YA UKATA

Kipindupindu kiliripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 1974, na mwaka 1977 kikaja kwa nguvu zaidi. Ni ugonjwa wa ajabu. Unaweza kumuua mtu mzima mwenye afya kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini, na hapo hapo dawa yake kubwa ni maji yenye chumvi na sukari. Asiyejua hilo humnyima mgonjwa maji, eti ataharisha zaidi. Hapo neno tu huokoa roho. Lakini kuuzuia usije kunataka maji safi na choo kizuri, na hivyo vinataka fedha.

Nayo fedha ilianza kukauka. Bei ya mafuta ilipanda, mazao yetu yakashuka bei, na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu sana. Zahanati nyingi zilibaki na kuta na muuguzi, dawa hamna. Kuanzia mwaka 1983 mpango wa dawa muhimu ulisaidia kwa kupeleka maboksi ya dawa hadi vijijini, na hata hivyo boksi lingeweza kuisha kabla ya lingine kufika. Hospitali binafsi za kibiashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Hatimaye, kuanzia mwaka 1993, ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Ulianza kwenye hospitali kubwa na kushuka hatua kwa hatua.

Tuseme ukweli wote. Utaratibu ule ulikuwa na msamaha. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na kipindupindu hawakutakiwa kulipa. Asiyejiweza kabisa naye aliweza kuombewa msamaha. Lakini msamaha usiojulikana ni sawa na ufunguo uliopotea. Wengi hawakujua kuwa wana haki hiyo, na waliojua hawakujua waanzie kwa nani. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba elimu ya afya si kunawa mikono peke yake. Kumwambia mama haki yake ya kutibiwa bila malipo nako ni elimu ya afya, tena pengine kunaokoa wengi zaidi.

JINA LA UGONJWA

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla neno UKIMWI halijazoeleka, watu wa kule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa mpakani na wafanyabiashara. Wengine walisema ni uchawi, kwamba aliyedhulumu mali amerogwa. Tusiwacheke. Mtu akikosa taarifa hakai na kichwa kitupu, hukijaza kwa alichosikia kisimani.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulianzishwa mwaka 1988. Yakaja mabango na mikutano, na mengi ya matangazo yale yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1993 Radio Tanzania ikaanza mchezo wa Twende na Wakati. Nani hamkumbuki Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo? Na Tunu mkewe, aliyechoka, akaondoka na kuanzisha biashara yake ndogo ya kulea watoto! Mchezo haukuhubiri. Uliwaacha watu wabishane wenyewe barazani na ndani ya mabasi. Kwa kuwa hadi mwaka 1995 eneo la matangazo la Dodoma lilikuwa likirusha vipindi vingine, watafiti waliweza kulinganisha. Waliona kuwa kule mchezo uliposikika watu walizungumza zaidi na wenzi wao, na kina mama wengi zaidi walifika kliniki za uzazi wa mpango.

Hata hivyo neno lilifika ukingoni. Ukishamwambia mtu akapime, naye akapima akakutwa nao, kisha nini? Dawa zilikuwepo duniani, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Ilipofika mwaka 2004 serikali, kwa msaada wa wafadhili, ikaanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo. Hapo ndipo watu walipoona kupima kuna faida. Neno na fedha vilikutana, na jeneza likaacha kuwa jibu la pekee. Tunao wanachama wanaotumia dawa hizo mwaka wa kumi na zaidi, wanauza, wanasomesha, wanarejesha mikopo kwa wakati.

Lipo na fundisho la kifua kikuu, ambalo ni fahari yetu Watanzania. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Dakta Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu kujenga utaratibu wa kumpima mgonjwa makohozi, kumpa dawa bure na kumsimamia azimalize. Utaratibu huo Shirika la Afya Duniani liliuchukua katika miaka ya 1990 na kuupeleka nchi nyingine nyingi. Dunia ilijifunza kwetu, jamani!

KIKUNDI CHETU NA MWAKA WA KIPINDUPINDU

Tulianza mwaka 2015 kwa utaratibu wa VICOBA: mkeka, daftari, na sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Hata sanduku halijazoea uzito, mwezi Agosti mwaka huo huo kipindupindu kikazuka jijini Dar es Salaam, kikianzia manispaa ya Kinondoni. Kilisambaa karibu mikoa yote ya Bara na kufika Visiwani. Hadi Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 24,000 nchi nzima, na waliokufa walipita 370.

Gari la matangazo lilipita mtaani: chemsheni maji, naweni mikono, msile vyakula vya barabarani. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini sisi wengi ndio tuliokuwa tukipika hivyo vyakula vya barabarani! Mama ntilie alisikia tangazo hilo kama hukumu ya mtaji wake. Na kuchemsha maji ya familia ya watu saba kila siku ni mkaa, na mkaa ni fedha. Vyoo vyetu vya shimo, mvua ikinyesha, wapo waliovitapisha mferejini usiku. Kila mmoja alijua ni hatari, ila gari la kunyonya lilikuwa na bei yake.

Ndipo kikundi kikafanya kazi ambayo haikuwa kwenye katiba. Tulimwita bwana afya aje aketi nasi kwenye mkeka, asiseme kwa kipaza sauti. Akatufundisha kutibu maji kwa vidonge, ambavyo kwa ndoo moja vina nafuu kuliko mkaa. Akatufundisha kuchanganya maji ya chumvi na sukari pakiti za dukani zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akatueleza kuwa matibabu ya kipindupindu kambini ni bure, kwa hiyo mtu asikae nyumbani kwa kuogopa bili. Tukanunua vidonge kwa pamoja. Mama ntilie wetu wakaweka ndoo yenye koki na sabuni mbele ya meza zao, na wateja wakarudi kwa kuona hiyo ndoo.

Mwaka uliofuata ukatuletea jaribio la ndani. Mwenzetu mmoja, muuza maandazi, alikopa kuongeza mtaji. Wiki ya tatu mwanawe akashikwa na homa ya matumbo. Fedha ya unga na mafuta ikaenda kwenye vipimo, dawa na kulazwa. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini marejesho yakasimama. Katiba ilisema wadhamini walipe. Wadhamini nao walikuwa wauza mboga. Mkutano ule ulikuwa mzito. Wapo waliosema sheria ni msumeno, tukimwachia huyu kesho tutaachia wote. Wapo waliosema ukimfilisi mama aliyemtibu mtoto, umefundisha wenzake wafiche wagonjwa ndani. Tulikaribia kabisa kuvunja kikundi na kugawana.

Uamuzi uliopatikana ndio uliotufikisha miaka kumi. Tuliongeza muda wa deni bila faini, kisha tukatenga mfuko wa jamii. Kila mkutano kila mwanachama anaweka kiasi kidogo kando ya hisa. Mgonjwa hupewa nusu kama msaada na nusu kama mkopo usio na riba. Tangu hapo mama hakopi tena mtaji kwa jina la biashara huku moyoni akijua anakwenda famasi.

Mfuko huo ulimsaidia pia mwenzetu aliyeugua kifua kikuu. Dawa zake zilikuwa bure kwa miezi sita, ndiyo. Lakini nauli ya kliniki, uji, na siku asizouza havikuwa bure. Uliulizwa mkutanoni: je, aje kuketi nasi? Muuguzi wa kifua kikuu akatujibu kuwa mgonjwa aliyeanza dawa na kuzitumia sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, na kwamba anayetisha ni yule anayekohoa bila kupimwa. Tukakutana nje, chini ya mwembe, penye hewa. Alimaliza dawa. Leo ni mmoja wa washika funguo.

MBU WA MCHANA NA MWAKA WA UVUMI

Mwaka 2019 homa ya dengi iliushika mji. Miaka yote tulifundishwa kuwa mbu ni wa usiku na kinga ni chandarua. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: makopo, matairi, mapipa yasiyofunikwa. Aidha wengi walimeza dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini, ambazo kwa dengi zinaweza kumletea mgonjwa kutokwa na damu. Dawa salama ya homa hiyo ni paracetamol kwa kipimo chake, na maji mengi. Kumbe neno la zamani, hata likiwa la kweli, halitoshi ugonjwa ukibadilika.

Mwaka huo mfuko wetu wa jamii uliisha katika majuma machache, kwa sababu nyumba nyingi ziliugua kwa wakati mmoja. Msiba humfika mmoja leo, mwingine mwakani, na mfuko mdogo huumudu. Maradhi ya kuambukiza hayapigi hodi nyumba moja, hupita mtaa mzima. Kikundi cha jirani zako ni kimbilio zuri, lakini jirani zako wanaumwa na mbu yule yule.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Tuliweka ndoo za maji, tukapunguza mikutano, hisa tukatuma kwa simu. Kuanzia Mei mwaka huo takwimu hazikutolewa tena kwa muda mrefu, na mahali pa takwimu pakakaa uvumi wa kwenye simu. Chanjo ilipozinduliwa Julai 2021, uvumi ulikuwa umeshatangulia. Kazi ya kikundi ikawa ile ile ya mwaka 1973: kuketi pamoja, kuuliza mhudumu wa afya, na kila mmoja kuamua akiwa amesikia.

BIMA: SANDUKU KUBWA ZAIDI

Basi tukarudi kwenye swali la fedha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001, mwaka ambao Bima ya Afya ya Taifa ilianza kuhudumia watumishi wa serikali. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa, na kaya ya watu sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ilikuwepo pia kadi ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mtoto. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kwa kadi hiyo ulisimamishwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba walioandikishwa wengi ni waliokwisha ugua.

Sisi wa sanduku tunaelewa hesabu hiyo bila kwenda chuo. Kama wanaoweka ni wale tu wanaotaka kutoa kesho yake, sanduku halijai. Bima husimama pale wazima wengi wanapochangia kwa ajili ya wagonjwa wachache. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ikipita, kazi inayobaki ni ya neno tena: kila kaya ijue inaandikishwa wapi, inalipa nini, inapata huduma zipi, na asiyejiweza anatambuliwaje. Tusisubiri gari la matangazo. Tuulize ofisi ya serikali ya mtaa na zahanati, tena tuulize kila mwaka, maana viwango na taratibu hubadilika.

TULIPOFIKA

Ndugu wanachama, tumesimulia haya ili tuyaamue haya. Kwanza, dakika kumi na tano za mkutano wa kwanza wa kila mwezi ziwe za afya, na mhudumu wa afya aalikwe. Pili, mfuko wa jamii usitumike tena kulipia kila homa tu, sehemu yake iwakopeshe wanachama mchango wa bima kabla ya kuugua, nao warejeshe kidogo kidogo. Tatu, katibu aandike orodha ya huduma zinazotolewa bila malipo, ibandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku, kila likifunguliwa isomwe.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura katika mkutano mkuu. Kila mwanachama aje akiwa ameyajadili nyumbani kwake, na aje na jirani mmoja ambaye bado hajajiunga. Haba na haba hujaza kibaba, akina mama, na kibaba chetu bado kina nafasi.